Uzi: Vitu vya Addis Ababa vilivyonikaa moyoni, kuanzia saa yao mpaka kikombe cha tatu cha kahawa

Manka_wa_Marangu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi humu ni msomaji tu wa siku nyingi, nyuzi za wenzangu waliokwenda China na Uturuki nimezimaliza zote, leo na mimi nimeona nilete wangu. Mwaka 2024 nilikaa Addis Ababa kuanzia Agosti mpaka katikati ya Desemba, nilienda kozi ya maabara. Mambo ya viza na bei za vyumba siyagusi, yameshaandikwa sana. Nataka niongelee yale mambo madogo madogo ya watu, yale ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Naanza na saa maana ndiyo iliyonifanya niipende ile nchi ndani ya siku mbili tu.

Siku ya kujiandikisha tulikuwa wageni kama tisa hivi, kuna Wanigeria, Mjerumani mmoja, Mzambia, mimi Mtanzania peke yangu. Mama wa usajili anaongea Kiingereza kizuri tu, akatuambia vitambulisho njooni mchukue kesho, akataja mbili. Wote wakaandika saa nane mchana maana mbili ya Kiingereza ndiyo hiyo. Mimi nikamwangalia yule mama, wakati anasema mbili mkono wake ulikuwa unaelekea dirishani kule jua linakotokea, nikamuuliza asubuhi? Akasema ndiyo, asubuhi, mbili. Yaani aisee nilisikia kitu kimenipanda kifuani. Saa mbili asubuhi! Kesho yake saa mbili kasoro nipo mlangoni, nikapewa changu, wenzangu wakaja saa nane wakaambiwa warudi kesho.

Waethiopia wanahesabu saa kama sisi jamani. Jua likishatoka ndiyo hesabu inaanza, saa moja yao ndiyo saa moja yetu, saa sita mchana ni saa sita. Hata neno lenyewe ni seat, saa mbili wanaita hulet seat. Maisha yangu yote ya shule na kazi nimezoea kutafsiri saa kichwani nikiongea na mgeni, naona kama sisi ndio tuliopinda na dunia nzima imenyooka, halafu nafika kwa watu milioni mia na kitu, wote wanahesabu kama bibi yangu Marangu ambaye hata saa ya mkononi hajawahi kuvaa.

Sasa kalenda ndiyo ikanishinda. Mkataba wa chumba nimesaini Agosti 2024, naangalia tarehe imeandikwa mwezi wa Nehase mwaka 2016. Nikamwambia mama mwenye nyumba huu ni mkataba wa zamani, wa mtu mwingine. Akacheka akaniketisha akanieleza vizuri kwamba wao wana miezi 13, kumi na miwili kila mmoja siku 30 kamili, halafu kuna kamwezi kadogo ka mwisho kanaitwa Pagume, siku tano, mwaka mrefu siku sita, basi. Na mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka saba au minane kutegemea uko mwezi gani. Ule mwaka 2000 sisi tuliousherehekea tukiwa wadogo, wao wameusherehekea Septemba 2007.

Hako ka Pagume nilikaona kwa macho yangu. Siku ya tatu yake mvua ilinyesha na watoto wa mtaani wote wakatoka nje kuoga mvua, na watu wazima pia wamo, wanasema mvua ya siku hiyo ina baraka maana ni siku ya malaika Rufaeli. Mimi nilisimama barazani nimevaa sweta mbili (Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, Agosti na Septemba ni baridi ya Marangu kabisa), mama mwenye nyumba akaninyooshea mkono, nikatoka. Nililoa chapachapa. Siku tatu baadaye, tarehe 11 Septemba, ukaingia mwaka mpya, 2017 wao. Maua ya njano kila mahali, wasichana wadogo wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba wanapewa hela, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni ndani ya nyumba. Nimeona mwaka mpya mara mbili ndani ya miezi minne.

Naendelea baadaye kidogo, naenda kumlaza mtoto.

kasirye_kla

Dada uzi mtamu ila nikusahihishe kidogo, saa hiyo siyo ya Waswahili na Waethiopia peke yao. Huku kwetu Uganda kwa Kiganda ssaawa emu ya asubuhi ndiyo hiyo hiyo saa moja yenu, na Wanyarwanda nao hivyo hivyo. Watu walio karibu na mstari wa ikweta jua linatoka na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima, kwa hiyo kuanza kuhesabu linapotoka ni jambo la akili kabisa. Jaribu kufanya hivyo Norway uone.

Manka_wa_Marangu

Asante kaka, Kiganda sikukijua. Hiyo imenifurahisha zaidi basi, kumbe tuko wengi.

BintiDarajani_Mct

Maashallah. Mie mtu wa Unguja, naishi Muscat mwaka wa kumi na moja sasa. Kwenye saa na siku nna la kuongeza, sisi wa pwani wazee wetu siku yao ilianza magharibi jua likizama, ndio maana mpaka leo mtu wa kwetu akisema usiku wa Ijumaa anakusudia ule usiku wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa. Nimewahi kumkosesha mgeni wa bara shughuli ya maulidi kwa sababu hiyo, kaja siku ya pili yake watu washamaliza zamani. Nlimuonea huruma sana siku ile.

Endelea mwanangu, kahawa umeitaja kwenye kichwa cha habari, naisubiri.

Kandambili

Napiga kambi hapa. Ila nauliza, ni kweli wanakula nyama mbichi au ni maneno ya watu?

Manka_wa_Marangu

Nimerudi. Kandambili ni kweli, ila ngoja nifuate mstari, nyama nakuja nayo.

Cha pili nilichokipenda ni namna wanavyoitikia. Ukimweleza mtu jambo, badala ya kusema ndiyo anavuta pumzi ndani ghafla, kama mtu aliyeshtuka, hah! Wiki ya kwanza namsimulia mama mwenye nyumba habari za nyumbani, kila sentensi anashtuka. Nikawa napunguza hadithi, nikisema naumwa kidogo na kichwa anashtuka, nikisema mama yangu ni mwalimu anashtuka, nikaanza kuhofia pengine ana matatizo ya moyo. Binti yake ndiye aliyeniambia, hapana, anasema ndiyo, anakusikiliza. Baada ya mwezi na mimi nimeshaanza. Nimerudi Moshi nimeitikia hivyo kwenye simu, shangazi yangu akaniuliza kuna nini huko.

Halafu kuna neno ayzosh. Mwanamke unamwambia ayzosh, mwanaume ayzoh (lugha yao inatenganisha, usipochunga unamwita baba wa watu kama mwanamke). Nilianguka kwenye ngazi zilizolowa karibu na Sidist Kilo nilikokuwa naishi, na kabla sijasimama watu watatu tofauti wapita njia wakasema ayzosh, ayzosh, ayzosh, mmoja ananiokotea daftari. Nikajua hapo hapo maana yake bila kuambiwa. Ni pole yetu, pole na jikaze zimechanganywa. Mnajua sisi tunapata shida gani na pole kwa Kiingereza, unamwambia Mzungu aliyejikwaa sori, anakujibu siyo kosa lako. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza hawa watu mtu akianguka wanamwambia nini. Addis wanamwambia ayzosh.

Na salamu zao sasa. Hawana haraka. Bega kwa bega wanagusana, mashavu mara tatu, umzima, nyumbani wazima, watoto, kazi, umelalaje, na jibu la kila kitu ni kumshukuru Mungu. Mzambia wetu alikuwa anachoka akisubiri. Mimi nilikuwa nyumbani kabisa.

Chelang_30k

Aki hiyo ya salamu ni ukweli, nimekaa Addis wiki tatu tu nikifanya mazoezi ya mbio nikaiona. Mimi nitaongeza majina. Sisi Kenya miaka yote tukiangalia mbio tunasema Gebrselassie, Gebrselassie. Nimefika huko nikasema Gebrselassie alikuwa mkali, kijana mmoja akaniuliza kwani babake pia alikuwa anakimbia? Kumbe hawana jina la ukoo. Haile ni yeye, Gebrselassie ni babake, basi. Hata rais au waziri mkuu anaitwa kwa jina lake la kwanza, na bibi akiolewa habadilishi jina. Alfajiri nendeni Meskel Square muone watu wa kila rika wakikimbia kwenye zile ngazi, wazee, wasichana, mapolisi, wote. Kwa yule anayetoka nchi ya Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila viatu, mbio si mchezo.

Manka_wa_Marangu

Chelang umenikumbusha vitambulisho, mimi wiki nzima nilikuwa naitwa kwa jina langu la kwanza na cheo mbele, nikaona raha sana, kama nimerudi kuwa mtu kamili siyo jina la ukoo kwenye orodha.

Usafiri nataja kidogo tu. Zile hiace zao za bluu na nyeupe zina konda anaitwa weyala, ananing'inia mlangoni anaita Piassa Piassa Piassa, Arat Kilo Arat Kilo, sauti ile ile ya kwetu ya Mbagala Mbagala. Ukitaka kushuka unasema woraj ale, maana yake kuna anayeshuka. Siyo shusha, siyo simamisha. Unatangaza tu kwamba yupo mtu anashuka, kama vile siyo wewe. Nililipenda hilo sana sijui kwa nini. Na gari likipita mbele ya kanisa nusu ya abiria wanapiga ishara ya msalaba, na ukiwa unatembea unaona mtu amesimama getini anabusu ukuta wa kanisa ndiyo anaendelea na safari yake ya sokoni. Kanisani viatu unavua nje. Nilikuwa na rafiki wa Kiislamu kutoka Sudan, akanisindikiza siku moja, akavua viatu kabla sijamwambia, akasema kwani si nyumba ya ibada?

Haya, chakula. Kandambili, ndiyo, nyama mbichi ipo, buchani unachagua kipande kinachoning'inia unakatiwa, unakaa hapo hapo na kisu na pilipili. Nyingine inaitwa kitfo, imesagwa imechanganywa na samli yenye viungo. Mimi mbichi kabisa sikuweza, niliagiza leb leb, yaani imepashwa moto kidogo tu. Ni tamu, nasema ukweli. Lakini kwa jinsi wanavyoipenda nyama ndivyo wanavyojinyima. Jumatano na Ijumaa waumini wa Orthodox hawali nyama, maziwa, mayai wala siagi, na ile kwaresima yao ni siku 55. Ukijumlisha mwaka mzima ni zaidi ya siku 180. Sasa fikiria nchi nzima ina upishi wa pili kabisa kwa ajili ya siku hizo, unaingia mgahawani Ijumaa unasema tsom, yaani mfungo, unaletewa sinia la injera (ile chapati yao laini yenye uchachu) limejaa dengu nyekundu, dengu za njano, kabichi, mchicha, shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), kila kimoja na ladha yake, mpaka nikawa naisubiri Ijumaa. Kwetu kufunga nyama ni kuvumilia.

Gursha, yaani kulishana tonge. Siku ya kwanza kula na ile familia, mama mwenye nyumba alikunja tonge la injera, kubwa, akalipeleka moja kwa moja mdomoni kwangu. Mimi mara ya mwisho kulishwa na mtu ni kwenye sendoff ya dada yangu, ile ya keki mbele za watu. Hapa ni Jumanne ya kawaida. Binti naye akanilisha, mtoto wa darasa la pili naye akatengeneza lake na vidole vyake vidogo. Ukikataa unawaumiza. Nilikuwa nimekaa wiki mbili bila kuguswa na mtu anayenijua, naomba mnielewe, nilitafuna lile tonge macho yamejaa machozi na wao wakadhani ni pilipili.

mjomba_Kariakoo

Daah. Hapo kwenye machozi umenigusa, mimi nipo Guangzhou mwaka wa nne. Tuletee kahawa sasa.

Manka_wa_Marangu

Pole mjomba. Ayzoh.

Kahawa basi, na hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Mimi nimekulia kihambani. Migomba juu, mibuni chini. Kahawa kwetu ilikuwa ada ya shule. Tulichuma zile nyekundu, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukaosha, tukaanika kwenye kichanja, mvua ikija mbio zote kwenda kufunika, ikikauka baba anaibeba kwenda kuiuza chama cha msingi. Halafu jioni tunakunywa chai. Ya majani, ya dukani. Naapa nimefika umri wa miaka 29 sijawahi kuona nyumbani kwetu mtu akikaanga kahawa ya shamba letu akainywa. Baba alikuwa anaijua kwa uzito na daraja, ladha hakuijua.

Jumapili ya kwanza Addis mama mwenye nyumba akaniita. Ametandaza nyasi sakafuni, amekaa kwenye kigoda kifupi mbele ya jiko la mkaa, ubani unafuka pembeni. Anaosha punje za kahawa mbichi kwa maji. Nikaziona punje nikashtuka, ni zile zile, rangi ile ya kijivu kijani, nikachukua moja nikaiuma kwa jino kama baba anavyofanya kupima unyevu. Wote wakaniangalia. Nikasema hii nimelima. Kimya, halafu ile hah yao ya kuvuta pumzi, wote kwa pamoja.

Akakaanga kwenye kikaango cha chuma mpaka zikawa nyeusi zinang'aa, akanyanyuka akazungusha kikaango kwa kila mtu, unavuta moshi kwa kiganja kuelekea usoni. Akatwanga kwenye kinu kidogo. Akachemsha kwenye jebena, ni chombo cha udongo chenye shingo ndefu, akamimina kwa mbali bila kudondosha tone kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Bisi za mahindi kwenye bakuli. Na ukae! Maana haiishi. Mzunguko wa kwanza unaitwa abol, mkali. Wanaongeza maji kwenye machicha yale yale, wa pili tona. Wanaongeza tena, wa tatu bereka. Nikauliza bereka ni nini, binti anatafuta neno la Kiingereza halipati, nikamwambia acha, baraka. Akasema baraka! Ndiyo! Ukiondoka kabla ya bereka umeiacha baraka mezani.

Na kahawa yenyewe wanaiita buna. Sisi mti tunauita mbuni, punje zake buni. Nimelitamka neno hilo tangu nimeanza kuongea, na nimekaa mbele ya mkaa wa mtu mwingine, nchi nyingine, ndiyo nikalisikia.

Saa moja na nusu au saa mbili kila kikao, na hakuna anayeangalia simu. Jirani akipita anaitwa. Habari za mtaa zote zinamalizikia hapo, nani anaumwa, nani anaoza binti. Karibu nusu ya kahawa wanayolima wanaimaliza wenyewe hivyo hivyo, kikombe kwa kikombe.

BintiDarajani_Mct

Ahsante mwanangu. Kwetu pwani kahawa chungu tumo, na kashata, lakini ile ni ya vijiweni, ya wanaume. Huku Oman kahwa inakuja na tende, na usipokitikisa kikombe kidogo kwa mkono wataendelea kukumiminia mpaka asubuhi. Lakini hivyo ulivyoeleza, mwanamke ndiye mwenye jebena na kikao ni chake, hilo nimelipenda.

Nshomile_wa_Kamachumu

Sisi Bukoba kahawa tunaitafuna, nadhani unajua. Buni zimechemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, mgeni akija anapewa kwenye kakikapu. Nimesikia Waoromo nao wanazipika nzima na samli wanakula. Kwa hiyo dada usiseme Watanzania wote hatujui kahawa yetu, Wachagga ndio mliouza yote.

Manka_wa_Marangu

Nshomile, nakubali kabisa, na nitakuja Kamachumu nionje.

Kandambili

Swali la mwisho kwangu, jebena ulirudi nayo? Na wazee nyumbani walisemaje?

Manka_wa_Marangu

Nilirudi nayo, nimeifunga na kanga mbili nikaibeba mkononi kwenye ndege, sikuthubutu kuiweka kwenye begi la chini. Krismasi nikaenda Marangu. Nikachukua kahawa ya kihamba chetu, kilo moja, baba akauliza unaipeleka wapi hiyo imeshapimwa. Nikaiosha mbele yake. Nikakaanga kwenye sufuria maana kikaango chenyewe sina, ikaungua upande mmoja, moshi nikampelekea usoni na yeye akauvuta kama yule mama alivyotufundisha, bila mimi kumwambia. Kikombe cha kwanza akasema kali. Cha pili akaomba sukari. Mama akasema anaenda kuangalia ng'ombe, nikamwambia mama kaa bado cha tatu, akakaa.

Baba mwaka huu ameacha debe moja halijaenda chamani. Limo stoo, ameandika jina langu kwa mkaa.

mjomba_Kariakoo

Dada hiyo jebena huko Addis inauzwa bei gani, na soko gani? Nina transiti ya saa tisa pale mwezi ujao.

Manka_wa_Marangu

Bei zimepanda sana tangu niondoke sitaki kukudanganya. Nenda Merkato ukiwa na mwenyeji, au Shiro Meda ukitaka na vile vitambaa vyeupe vya pamba. Chagua ambayo imeshaungua kidogo chini, imepikiwa, ya udongo mpya inavuja mwanzoni. Na hiyo saa tisa yako hakikisha kwenye tiketi ni ya wapi.